Dirisha la Biasha

Miburani, Mafia
Mwanzoni mwa Rajabu

Kaka yangu Sadick,

Assalaam alaykum warahmatullah. Shikamoo, kaka. Naanza kwa kukuulizia hali, wewe na wifi na wanangu wote hapo Mtwara, na lile goti lako lililokuwa likikusumbua ukisujudu. Nakuombea kila baada ya sala, tena nakutaja kwa jina, sikuombei kwa jumla jumla. Sisi huku Miburani sote wazima, tunakula, tunalala, hatuna la kulalamika. Wasiwasi wetu ni juu yenu mlio mbali.

Vuli imetunyima mvua mwaka huu. Minazi ya marehemu baba kule Kirongwe imeangusha vidaka kabla ya wakati, ila mihogo imetustahi. Husna, mtoto wa Biasha, amehamia kwangu na kichanga chake ili tusaidizane kumgeuza mama yake kitandani. Mumewe kamruhusu bila maneno, Mungu amjaalie. Kile kichanga kimechukua pua yako, masikini, lakini mtoto wa kike akikua pua hupungua.

Utajiuliza kwa nini nimekuandikia karatasi wakati simu ninayo. Kaka, nyumba yetu unaijua, kuta zake hazifiki darini. Nikisema chumbani kwangu, Biasha anasikia kwake, na masikio yake ni mazima kuliko yangu. Nikitoka nje na simu atajua nimetoka kwenda kumsema. Kwa hiyo nimekaa hapa hapa pembeni yake, yeye kalala chali, mimi naandika kama mtu anayepanga mahitaji ya dukani. Barua hii anakuja nayo mtu wa Kirongwe anayepita huko kwenye harusi. Ukishaisoma usinipigie kuniuliza lolote lililomo.

Ulipokuja kwenye maziko ya mama ulimwona mdogo wetu anatembea kwa kushika ukuta. Baada ya hapo miguu iliacha, kisha mikono, kisha ulimi. Daktari alisema ni ugonjwa wa mishipa ya fahamu, unaua mwili kipande kipande na kuiacha akili ikitazama. Fikiria, Biasha yule. Biasha aliyekuwa akivuka kwenda Bwejuu na furushi la vitenge kuwauzia wavuvi waliopiga kambi ya dago, na wanaume wazima wakinunua kitenge wasichokihitaji ili tu asiwatanie mbele ya wenzao. Mungu akauchukua hata ulimi ule, na Yeye ndiye mwenye kujua.

Daktari mmoja mgeni, mwanamke, aliyekuwa akija hospitali ya Kilindoni kila mwaka kisha anarudi kwao, ndiye aliyemletea mashine ya kusemea. Haikuwa mpya. Ilikuwa ya mgonjwa wake mwingine aliyekwisha kutangulia mbele ya haki. Ilikuwa kompyuta nzito ya kufunika, kisanduku cheusi mfano wa redio ndogo, na waya mwembamba wa kubandika shavuni kwa plasta. Herufi zinapita kwenye kioo moja moja. Ikifika anayoitaka, Biasha anakaza msuli wa shavu la kushoto, na herufi inakaa. Neno likitimia, kompyuta inalitamka.

Sauti ile wewe uliisikia mara moja kwenye simu, ukasema inakutisha, tusikuwekee tena. Hukukosea, ilikuwa sauti nzito ya kiume, inasoma Kiswahili kama mgeni asomaye ubao wa matangazo. Lakini wewe ulisikia salamu tu. Hukusikia siku ya kwanza aliposema kwamba wanaume wa Mafia walimkimbia kwa sababu ya mdomo wake, sasa kampata mwanamume anayesema kila anachoamriwa. Jirani yetu Jamila alipomletea uji akamwambia ni mtamu sana, ila sukari imepita karibu haikuingia. Jamila alicheka mpaka akakaa chini. Na ulipokataa sauti ile kwenye simu, alisema tusikulaumu, kaka yangu tangu utoto anaogopa vitu vinavyosema gizani.

Usiku kabla hatujaizima mashine alikuwa anaandika shahada, herufi kwa herufi, hata awe amechoka vipi. Alisema anaiweka tayari, maana hajui kama asubuhi itawashwa.

Na kuna neno jingine alilokuwa akilirudia, nalo ndilo limenikalisha kuandika. Daktari alikuwa amemweleza mapema kwamba ipo siku koo litakataa chakula, na hapo patatakiwa uamuzi: apelekwe Dar kutobolewa tundu la kulishia tumboni, au aachwe nyumbani na mambo yaende yanavyokwenda. Tukaanza mimi na Husna kubishana mbele yake, huyu anasema hivi, yule vile. Mashine ikatunyamazisha. Ikasema, msinisemee. Siku ikifika nitasema mwenyewe. Tangu hapo kila tukigusa jambo hilo alitukata kwa neno hilo hilo, msinisemee. Nasi tukatulia, maana mwenye mwili yupo, ana akili, ana sauti.

Sasa sikiliza habari ya hiyo sauti.

Unamkumbuka Mudrik, mtoto wa marehemu mzee Ukasha, uliyekuwa ukicheza naye mpira. Sasa ni fundi simu pale Kilindoni na amenenepa. Biasha alimuuliza kwa mashine kama mkewe anampikia au anamjaza. Yeye ndiye aliyekuwa akituangalizia ile kompyuta. Kila ilipowashwa ilitoa kwanza mistari ya njano ya Kiingereza, kisha ikaendelea na kazi. Mimi Kiingereza changu kiliishia darasa la saba na hata huko hakikuwa kingi. Nilikuwa napiga bismillahi na kungoja ipite, kama mtu anavyongoja matangazo ya redio yaishe.

Siku moja Mudrik akaisoma. Akaisoma tena, akavuta kiti. Akatueleza kwamba ndani ya kila kompyuta kuna kiini, ndicho kinachoendesha yote, na vitu vingine haviruhusiwi kuingia humo. Akasema ni kama jikoni kwenye shughuli. Mgeni haingii kwenye masufuria, anapeleka sahani yake dirishani na kupakuliwa. Kiini nacho kina madirisha, na kila dirisha lina namna yake ya kupokea sahani. Wale wanaokitengeneza, watu waliotawanyika dunia nzima, hufungua madirisha mapya yaliyo bora na kuyafunga ya zamani. Si kwa ubaya. Kila dirisha linataka mtu wa kusimama, na dirisha lisilo na mtu ndimo mwizi anamopita. Wala hawafungi kwa kushtukiza. Wanabandika tangazo mapema: dirisha hili limezeeka, tunakusudia kulifunga, na kama yuko anayelitumia bado basi atuandikie. Ile mistari ya njano ndiyo tangazo lenyewe. Lilikuwa likitupigia hodi kila asubuhi na mimi nalipigia bismillahi.

Nikamuuliza Mudrik, wageni wangapi wamebaki kwenye dirisha letu. Akasema hajui, kisanduku kama kile hakitengenezwi tena, huenda ni sisi peke yetu.

Basi tukakaa kuandika. Mudrik alitaka aandike mstari mmoja: tunalitumia, msilifunge, mgonjwa atapoteza sauti. Nikamwambia Mudrik, umelelewa wapi wewe. Watu hujapata kuwaona, wamekupa kitu bure miaka yote, unawaingilia bila salamu na kuwapa amri. Wewe unajua, kaka, hapa kwetu hata ukienda kuazima kinu unakaa kwanza, unauliza watoto, unauliza kuku, na kinu unakitaja ukiwa umeshasimama mlangoni. Mudrik akasema wale si watu wa hivyo, wanasoma barua nyingi. Nikamwambia kila aliyezaliwa na mama ni mtu wa hivyo.

Tukaandika barua ya adabu. Tuliwaulizia hali zao na za wazazi wao. Tukawashukuru kwa sauti ya Biasha, tukawaombea Mungu awaongoze na awape riziki. Tukawaeleza kwamba sisi ni wazima na hatuna shida ya kuwasumbua, ila tumeliona tangazo lao na dirisha hilo tunalo. Na Biasha naye akatia neno lake mwenyewe kwa mashine. Hilo nitakuandikia huko chini, sasa hivi mkono haujanyooka. Mudrik akaigeuza yote kwa Kiingereza, akaipeleka kwa njia ya simu.

Jibu lilikuja, kaka. Mtu mmoja wa huko kwenye baridi, jina lake siwezi kulitamka, aliandika kwamba hajapata kupokea barua kama ile tangu aanze kazi, na kwamba amemsomea mkewe. Alishukuru kwa dua. Akasema basi wataendelea kama walivyopanga, na anatutakia heri. Mudrik alilisoma kwa sauti ndogo. Mimi niliona mtu kajibu, kashukuru, katutakia heri, nikafurahi kama niliyepewa. Kwenye kompyuta yetu hakikubadilika kitu. Mudrik akasema yetu bado ina kiini cha zamani, dirisha limefungwa kwenye vile vipya tu, kwa hiyo tuombe kompyuta hii iishi.

Haikuishi. Hewa yetu hii ya chumvi imekula mabati, itaiachaje kompyuta? Ilianza kuzimika katikati ya neno. Halafu asubuhi moja Husna akaiwasha na haikutoa hata ile mistari ya njano. Nilivyoichukia mistari ile, na siku hiyo nilivyoitamani.

Mudrik alileta kompyuta nyingine, mpya kabisa, nyembamba kama sinia. Akaunganisha kisanduku. Kisanduku kikawaka taa, kompyuta haikukitambua. Akajaribu kuitia kiini cha zamani, na kiini cha zamani hakikuijua kompyuta mpya, kioo kikabaki cheusi. Akakirudisha kipya, na kipya hakikukijua kisanduku. Alikesha nayo dukani kwake, akarudi macho mekundu, akasema hajawahi kuona wawili wanaohitajiana na hapana awezaye kuwakutanisha. Akaagiza kompyuta kuukuu kutoka Kariakoo, ikafika imeshaliwa ndani, haikuwaka hata mara moja. Yule daktari mgeni tulimwandikia. Akajibu binti yake kwamba mama naye sasa ni mgonjwa wa kusahau.

Mudrik akawaandikia tena wale wa kiini, safari hii bila kuniuliza, na bila salamu. Yule bwana alijibu siku hiyo hiyo. Alisikitika, na mimi naamini alisikitika kweli. Akasema dirisha limeondolewa pamoja na ukuta wake, na ukutani pameshajengwa vitu vingine. Kulirudisha kunataka mtu anayekijua kisanduku, awe nacho mkononi, na akubali kusimama hapo miaka yote. Aliyelitengeneza zamani amefariki, na mwingine hawamwoni. Halafu akasema jambo ambalo Mudrik alikataa kulisoma mbele ya Biasha, akaniita uani.

Lakini kabla ya hilo nikueleze ya hospitali. Mwezi uliopita uji ulianza kumpalia. Kila kijiko ni vita, na amekwisha, ukimnyanyua ni kama kunyanyua nguo zilizokauka kambani. Daktari wa Kilindoni, kijana mpole, alikuja mpaka nyumbani. Akasema ndio wakati wenyewe, tuseme ni Dar au ni nyumbani, na tusichelewe, maana akizidi kudhoofu hata tundu hataliweza. Akauliza, mgonjwa mwenyewe anasemaje.

Husna akatoka nje. Baadaye akaniambia, mama mkubwa, mimi siwezi, niliambiwa nisimsemee.

Utasema, mwulizeni apepese macho. Kope zimelala, kaka, tunazifungua sisi kwa kidole ili aone mchana. Kilichobaki ni ule msuli wa shavu, na mtikisiko wake ni mdogo hata jicho halioni. Kisanduku tu ndicho kilichokuwa kikiuhisi. Nimejaribu. Nimekaa naye, nimeweka ncha ya kidole pale pale palipokuwa na plasta, pana alama bado. Nimemwambia, Biasha, kama ni Dar kaza. Nikahisi kitu. Nikamwambia, kama ni nyumbani kaza. Nikahisi kitu. Nikamwambia, usikaze sasa. Nikahisi kitu kile kile. Ilikuwa ni damu yangu inapiga kwenye kidole changu mwenyewe.

Kwa Mola najua hakuna dirisha linalofungwa. Shahada yake anaisikia, na anachokitaka anakijua. Mimi ndiye niliyebaki nje na sahani mkononi.

Sasa nikuambie la uani. Yule bwana aliandika kwamba kabla ya kufunga waliuliza dunia nzima kwa muda mrefu, na jibu lililopatikana ni moja tu, letu. Akalirudisha neno la Biasha kama Mudrik alivyoligeuza, ili tuone kuwa hawakutudharau bali walitusikiliza. Nami nalikumbuka kwa Kiswahili chake, kwa sauti ile ya kiume. Tulipomaliza ile barua ya adabu nilimuuliza kama analo la kuongeza. Alikaa nalo muda mrefu, herufi zinapita, sisi tunangoja. Kisha mashine ikasema: Waambieni wafunge tu, wasijisumbue kwa ajili yangu. Nimesema vya kutosha, na wengine nao wapate zamu.

Tulicheka, kaka. Mimi nilicheka mpaka machozi. Niliona ndiye yeye, Biasha wa Bwejuu, na niliona kafanya adabu nzuri kuliko yetu sote, mgeni anayesema nimeshiba hali sahani tupu. Mudrik alitaka kuliacha neno lile, nikamwambia andika, mwenye sauti ndiye aliyesema. Wale wakalisoma kama lilivyo, wakafanya alivyowaambia. Hawana kosa. Sisi hapa mtu akisema msijisumbue tunajisumbua zaidi. Wao waliacha.

Sasa usiku na mchana najiuliza. Alikuwa anafanya heshima, kama tulivyofunzwa na mama? Alikuwa anatania? Au alikuwa amechoka kweli, na alikuwa anatuambia mapema jibu la lile swali aliloahidi kulijibu mwenyewe, nasi tukacheka? Maneno ni yale yale ninayo yote, hakuna hata moja lililopotea. Aliyejua aliyasema kwa moyo gani yupo hapa, urefu wa mkono wangu, anasikia kalamu yangu inavyokwaruza. Na siwezi kumuuliza.

Kaka, pale juu nimeandika kwamba sisi sote wazima na hatuna la kulalamika. Niliandika kwa mazoea, na nimeona nisifute, uone mwenyewe jinsi mkono unavyokimbilia huko. Si kweli. Sisi si wazima. Mdogo wetu anakufa, na mimi sijui kama ninamwua kwa kumweka nyumbani au ninamtesa kwa kumpeleka Dar. Karatasi ya hospitali inamtaka mwanamume wa ukoo, na wa ukoo ni wewe. Nakuomba uje. Siandiki ukipata nafasi, siandiki usijisumbue. Jisumbue. Mungu akipenda panda gari uje Nyamisati uvuke, kabla Shaabani haijaingia.

Wala sikudanganyi kwamba ukija utajua. Utaweka kidole chako shavuni kwake kama nilivyoweka, na utahisi damu yako. Lakini tutakuwa wawili tusiojua, na labda mzigo wa watu wawili Mungu huutazama kwa namna nyingine.

Nisalimie wifi na watoto, mmoja mmoja kwa jina lake. Husna anakusalimu na anakushika mkono. Mudrik anakusalimu, kasema nikuambie mpira hawezi tena. Jamila jirani anakusalimu. Wote hawa nimewauliza nao wamenituma.

Salamu za Biasha sikuandikii. Hajanituma, na alinikataza nisimsemee.

Wassalaam,
mimi ni dada yako,
Mwanasiti